Hakuna Mkorosho Dume

Nawaandikia nyinyi wanne mtakaoshika vibano mwezi wa sita kwenye kitalu cha Bi Somoe, hapa Naipingo, wilaya ya Nachingwea. Majina yenu nayajua. Nyinyi hamnijui vizuri, maana mimi nikipita mahali napita pembeni. Nina miaka kumi na minane. Kazi ile nimeifanya misimu minne, kila likizo ya katikati ya mwaka na kila Jumamosi mpaka maua yaishe. Sasa nimemaliza kidato cha nne na nimeiacha. Bi Somoe anasema nimestaafu, na mstaafu lazima akabidhi kazi, kwa hiyo nikae nanyi nusu siku niwafundishe. Kwa hasira niliweza mara moja; mbele ya watu wanne waliotulia sitaweza. Nitaangalia chini, mtaondoka hamjasikia kitu. Nimechukua daftari langu nikachagua ya kuwapa. Zipo kurasa za hasira. Nilitaka kuzichana, halafu nikaona kazi yenyewe imo humohumo.

Mkisahau yote, hili shikeni. Hakuna mkorosho dume. Mpapai upo dume, sikatai. Mkorosho haupo. Mtu akikwambia mkorosho wake ni dume, ujue shoka liko karibu, na usimwitikie kwa kichwa. Mimi niliitikia kwa kichwa, na mti wenyewe ulikuwa wa mama yangu.

Asubuhi shika shada moja la maua ulipindue kwenye mwanga. Kwa mbali maua yote yanafanana. Kwa karibu utaona mengi ni ya kiume matupu: stameni moja ndefu imesimama, vijistameni vifupi vimeizunguka, katikati hamna kitu. Machache, makubwa kidogo kuliko wenzake, yana vyote viwili. Ile stameni ndefu ipo, na katikati ipo ovari ya kijani, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, imechomoza mrija mwembamba mpaka kwenye stigma, pale chavua inapotua. Hayo tunayaita maua mazima, na ndiyo yanayozaa korosho. Yote yanakaa shada moja, mti mmoja. Maua yakianza, ya kiume ndiyo hutangulia kwa wingi, na mwenye haraka akichungulia siku hizo anaona madume tu, anakwenda kunoa shoka.

Rangi nayo inasema. Ua jeupe lenye mistari ya waridi ni la leo. Likishakuwa jekundu ni la jana, liache. Ule mfuko wa chavua juu ya stameni ukiwa wa waridi bado umefumba. Ukigeuka kijivu umeshapasuka, umechelewa. Kwa hiyo tunaingia shambani umande haujakauka, tunang'oa kwa kibano stameni ya ua zima kabla haijapasuka, tunafunika shada kwa kipande cha chandarua kuukuu nyuki asipite, na baadaye asubuhi hiyohiyo tunaleta ua la kiume la mti wa pili, tunalisugua taratibu kwenye stigma. Kisha unafunika tena na kufunga uzi mwekundu. Chandarua kinatosha, maana chavua ya mkorosho inanata, haipeperuki na upepo kama ya mahindi. Lazima mdudu aibebe. Au wewe.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, watawauma. Msiwaue. Wanafukuza mbu wa mikorosho anayenyonya machipukizi. Pakeni majivu mikononi na mfunge mikono ya shati kwa kamba. Mwaka wa kwanza nilivaa kanga juu ya suruali wakaniingilia huko. Nilitaka kulia na sikutaka mtu ajue, nikasimama kama mlingoti. Bi Somoe akaniangalia akasema, "Vua kanga, mwanangu. Hao hawana aibu kama wewe."

Bi Somoe ni huyu mnayemwona na miwani iliyofungwa kwa uzi. Zamani alikuwa kibarua kwenye shamba la utafiti. Kazi yake ilikuwa kufunga mifuko kwenye mashada, miaka mingi, na wataalamu walikuwa wanapita na madaftari yao. Yeye hakuwa na daftari, alikuwa na macho. Alipoacha kule akaanza kitalu chake. Ana mti unaozaa korosho kubwa lakini ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, unaukausha maua kila mwaka, na ana mwingine wa korosho ndogo ambao ubwiriunga hauugusi. Anataka mtoto wa hiyo miwili. Ndiyo kazi mtakayofanya.

Kosa langu kubwa la kitalu lilikuwa msimu wa kwanza. Nilichelewa kuamka siku mbili mfululizo, nikang'oa stameni ambazo nyingine zilikuwa zimeshapasuka. Bi Somoe akaniuliza, "Umezitoa kabla?" Nikatikisa kichwa, ndiyo. Siku ya sita akasema, "Lete kile kisosi." Kumbe kisosi tunachotupia stameni hamwagi ovyo. Akakiinamisha kwenye jua. Nusu ilikuwa kijivu. Maana yake ua lilikuwa limeshapata chavua ya shada lake lenyewe, na korosho ambayo ingetoka isingekuwa mtoto wa miti miwili. Akafungua nyuzi zote nyekundu, moja moja, sabini na kitu, mimi nimesimama pembeni. Mwisho akasema, "Ungesema tu nimechelewa, ningepoteza siku mbili. Kichwa chako kimenilia sita."

Hilo nililiandika, nikalipigia mstari. Halikunisaidia, mtaona.

Shuleni nilijaribu mara moja. Tulikuwa tunasoma uzazi wa mimea, mwalimu amechora ubaoni ua la kitabuni, na sisi tunanakili majina kwa Kiingereza. Siku iliyofuata nilileta shada la mkorosho ndani ya chupa ya maji. Nilimwonyesha baada ya kipindi, maana wakati wa kipindi nisingeweza. Nikamwambia hili lina stameni moja ndefu na zile fupi, je, nalo tuchore?

"Limo kwenye kitabu?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi na kwenye mtihani halimo. Katupe nje, linaleta sisimizi."

Nikatupa. Wenzangu wakaniita Daktari wa Korosho mpaka tunamaliza. Mpaka leo nikikumbuka nahisi joto masikioni. Shule nzima tumezungukwa na mikorosho, ada zetu zimetoka kwenye mikorosho, halafu ua lake linaleta sisimizi. Na ndani ya chavua kuna nini, tulikariri tu bila kuelewa. Bi Somoe, ambaye darasa la nne hakulimaliza, ndiye aliyenielewesha huku anamenya muhogo.

"Chembe moja ya chavua," alisema, "ikitua pale juu inaota mrija. Mrija unashuka mpaka kwenye ovari. Ndani ya mrija wanatembea wanaume wawili."

"Seli za kiume mbili," nikasema kwa sauti ndogo.

"Ziite unavyoita. Wanafika pamoja mlango mmoja. Kule ndani yupo bibi harusi, ana wasindikizaji wake. Mmoja anaoa bibi harusi. Wa pili yeye anakwenda jikoni, anaungana na wale wanaokaa katikati, wanatengeneza chakula cha mtoto. Wa pili asipofika jikoni, mtoto anakufa kwa njaa ndani ya ganda. Ukipasua korosho ukakuta kapi, ganda tupu, kumbuka jikoni huwa kuna kasoro."

Seli ya yai, wasindikizaji wawili kando yake, watatu upande wa nyuma, na ile ya katikati yenye viini viwili. Vyote vilikuwa kwenye kitabu changu na nilikuwa nimevikariri kama majina ya wageni. Swali lilipokuja mtihanini niliandika jibu nikiwa nanusa muhogo. Na yeye haya alifundishwa na nani? Alisema aliwasikia wataalamu wakifundishana, yeye ameshika ngazi.

Sasa mjomba.

Kwetu ni Narung'ombe, upande wa Ruangwa. Hapa Naipingo nilikuwa nakaa kwa mama mdogo kwa ajili ya shule. Nyumbani ni kwa ukoo wa mama, na mjomba wangu mkubwa, kaka yake mama, ndiye msemaji wa kila kitu: nani aolewe, shamba lipi lilimwe, mti upi ubaki. Mikorosho ni ya ukoo. Mmoja tu ni wa mama, ule ulio mbele ya nyumba, bibi alimpa kwa mkono wake mwenyewe siku alipoolewa. Mama hana kitu kingine anachoweza kusema changu. Nimeandika hivyo ili mjue ulikuwa mti gani.

Mjomba ana mashine ya kupulizia dawa, ile ya kubeba mgongoni yenye injini. Anapigia watu mashamba yao. Msimu uliopita nilikwenda nyumbani siku chache, katikati ya maua. Saa nne asubuhi aliiwasha uwanjani mbele ya nyumba, akaelekeza mdomo juu ya mti wa mama, akapuliza mpaka injini ikatulia. Nikamuuliza mama kwa nini anapiga huu tena, si ulipigwa juzi.

"Hapigi. Anaijaribu. Kila siku anaijaribu hapo kabla hajaenda kwa watu."

"Na dawa ndani?"

"Na dawa ndani, ya jana iliyobaki."

Niliangalia chini. Mama alikuwa anafagia uwanja, na pamoja na majani alikuwa anafagia nyuki. Wamekufa, wamekunja miguu, wengi kiasi cha kujaza kiganja. Alikuwa anawafagia kila asubuhi, miaka mitatu, tangu mjomba aliponunua mashine. Na miaka mitatu ule mti ulikuwa unatoa maua na hauzai. Saa nne ndipo maua mapya yamefunguka, chavua imeiva, nyuki wamefika. Nani alikuwa anafika jikoni?

Nilikuwa bado nimemshika nyuki mmoja mkononi mjomba alipoingia na Mzee Bakari, yule mchoma matofali. Walikuja kuupima mti kwa macho.

"Huu hapa," mjomba alisema. "Mnene, mkavu kwa ndani, utachoma tanuri zima. Ni dume. Miaka mitatu maua tu, kama bwana harusi asiyelipa mahari."

Mzee Bakari akacheka. "Una hakika lakini? Usije ukanilaumu mbele."

"Mtaalamu si huyu hapa?" Mjomba akanigeukia. "Mpwa wangu, wewe ndiye unayeshikashika maua kule Nachingwea. Mwambie. Si dume huu?"

Niliwaamkia kwanza. Shikamoo mjomba, shikamoo babu. Wakaitikia, wakawa wananisubiri. Nilikuwa na nyuki kiganjani na shada la mti ule usawa wa uso wangu, na maua yenye ovari nilikuwa nayaona, matano sita kwa kuangalia tu. Nikatikisa kichwa. Ndiyo.

"Umeona? Serikali imesema," mjomba akasema, wakacheka wote wawili wakaondoka kwenda kutafuta trekta.

Nimejiuliza sana kwa nini. Sikumwogopa kunipiga, hajawahi kunipiga. Nilitaka tu waache kuniangalia. Kwa ajili hiyo niliutoa mti wa mama yangu.

Nikamfuata mama jikoni nikamwambia kila kitu, kwamba si dume, na nyuki, na saa nne. Akasimamisha mwiko kwenye sufuria.

"Umemwambia hivyo?"

"Sikumwambia. Nilitikisa kichwa."

"Ulitikisa vipi?"

Nikamwonyesha. Mama hakunigombeza. Alifuta mikono kwenye kanga, akamfuata kaka yake barabarani. Kutoka mlangoni nilimsikia. "Kaka, mtoto anaomba wiki tatu. Atauonyesha unazaa." Mjomba alicheka, halafu akasema sawa, wiki tatu, kwa heshima ya shule. Mama ndiye aliyeiburuta mashine mwenyewe akaiweka nyuma ya choo, na kwa siku hizo mjomba akaijaribia huko.

Asubuhi mbili mfululizo, na umande, nilipanda ngazi nikachagua maua arobaini yenye ovari. Jua lilipopanda nikapaka chavua, nikafunika, nikafunga uzi. Mikono ilikuwa inajua kazi. Kisha nikarudi Naipingo, nikawa nahesabu siku.

Sikungoja wiki tatu ziishe. Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi, nikaomba ruhusa kwa Bi Somoe nikaenda nyumbani kuchungulia. Nilipokata kona nikaona mbingu mahali ambapo hapakuwa na mbingu. Mti umelala. Wanaume wawili wanakata matawi, trekta inangoja. Mama amekaa kizingitini, mikono mapajani.

Nikaingia ndani ya matawi nikitafuta nyuzi nyekundu. Nilifungua chandarua cha kwanza. Vikorosho viwili, vya kijani, sawa na punje ya kunde, vimejikunja kama vitakavyokuwa vikubwa. Cha pili kilikuwa na kimoja. Nilifungua vyote. Ishirini na sita vilikuwa vimeshika. Kimoja nilikikata kwa kisu: ndani bado maji. Walikuwa wamefika, wote wawili, kwa bibi harusi na jikoni, na sasa mti hauna mizizi.

Nikavunja shada lenye vikorosho vitatu nikampelekea mjomba, alikuwa amesimama kwenye trekta na Mzee Bakari. Nikaliinua. 

Aliliangalia. "Wiki tatu yalikuwa maneno," akasema. "Trekta imepatikana leo. Na wewe ndiye uliyesema dume. Mzee Bakari shahidi."

Mzee Bakari akaangalia matairi.

Nikarudi kwenye matawi. Hapa sikilizeni, hii ni kazi, si hadithi. Korosho changa zikikatwa zimekufa, hakuna cha kufanya. Lakini kikonyo, kile kichipukizi cha ncha kisicho na ua, kikiwekwa kwenye unyevu kinaweza kubebeshwa juu ya mche mwingine, na kikishika kinakuwa mti uleule. Si mtoto wake. Kikonyo hakikupitia kwenye ua, seli zake ni zilezile za mti ule, hakina baba wa kumtafuta. Tatizo mti uliojaa maua una vikonyo vichache sana. Nilizunguka matawi yote nikapata kumi na tisa, vingine vyembamba. Nikapunguza majani, nikafunga kwenye kanga ya mama iliyolowa, nikapanda bodaboda mpaka Naipingo kanga ikinilowanisha tumbo.

Bi Somoe aliifungua kanga. Alivua miwani, akaivaa, akatoa wembe mpya. Yeye alipasua vichwa vya miche, mimi nikachonga vikonyo ncha kama kabari, nikachomeka, tukafunga kwa nailoni mmoja baada ya mwingine mpaka jua linazama. Kumi na vitatu vilikauka. Sita vikatoa majani.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zilipoanza, watu walijaa kitaluni kuchukua miche. Miche yangu sita ilikuwa mstari wa mwisho, kila kiriba, ule mfuko wa udongo wa mche, kina uzi mwekundu. Mjomba naye alikuja. Nikamwamkia, akaitikia. Alipita mstari kwa mstari na wenzake kutoka Narung'ombe, akafika mwisho, akainama. Jani la mti ule hulisahau, lina mshipa mwekundu.

"Hii si ya nyumbani?" akasema. "Vizuri sana. Huyu mpwa wangu ana akili. Nitengee miwili."

"Hapana, mjomba."

Watu walikuwa wanaongea, hakusikia, au alisikia. "Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Ni ya mama."

Akacheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. "Ya mama yako ni ya nani? Si ya dada yangu? Mti wenyewe ulikuwa dume, mimi nataka nikaujaribu tu."

Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake hatua tatu kutoka pale. Nilimwangalia anisaidie. Akaendelea kufunga nailoni.

"Haukuwa dume," nikasema. Sauti ilikuwa mbaya, inapasuka. "Nilitikisa kichwa siku ile na nilidanganya. Hakuna mkorosho dume. Ulikuwa na maua mazima kama mti wowote. Mashine yako ilikuwa inaua nyuki wake saa nne kila siku, miaka mitatu, mama anawafagia. Nilikuonyesha korosho tatu ukaniambia nimesema mwenyewe. Sasa nasema tena, na hawa wasikie. Sikupi."

Mkono wangu ulikuwa umeshika kiriba kwa nguvu, udongo unamwagika. Hakuna aliyecheka.  Halafu mzee mmoja wa kijiji cha Kiegei, simjui jina, akasogea na kofia yake mkononi.

"Binti, samahani. Hiyo saa nne umesema ni mbaya? Mimi napiga saa nne."

Nikamjibu. Nilimwambia salfa ya unga ipigwe alfajiri na umande, na dawa ya maji ya wadudu apige jioni nyuki wakisharudi, na asipige kabla hajaona mdudu. Mwanamke mmoja akauliza ua zima linafananaje. Nikachora chini kwa kijiti. Mwingine akasema wake naye aliambiwa ni dume. Nikawajibu mpaka adhuhuri, nimesimama katikati yao. Mjomba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka mwisho. Hakuuliza swali hata moja, na miche sikumpa.